Mchezo Mwaloni, Maneno Kinywani

Mtoto huanza kujifunza lugha miezi mingi kabla ya kutamka neno. Akiwa na miezi 2 au 3 hutoa sauti laini za irabu. Kufikia miezi 6 au 7 hurudiarudia silabi, ba-ba-ba, ma-ma-ma, bila kumwita mtu yeyote. Neno la kwanza lenye maana huja karibu na mwaka 1, na akifika miaka 2 watoto wengi wa rika lake huunganisha maneno mawili. Muda wote huo kinachomvuta mbele ni kujibiwa. Akisema "da", mama akamtazama na kumrudishia "da" hiyohiyo, tayari wanazungumza: mmoja kasema, mwingine kasikiliza, wamebadilishana zamu. Mama akijifunika uso kwa khanga kisha akajifunua, mtoto hujifunza kungoja zamu hiyo kwa kicheko.

Katika mialo ya Kibirizi na Katonga mjini Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, dagaa waliovuliwa usiku hushushwa asubuhi na kuanikwa, wengine mchangani, wengine juu ya vichanja. Watoto huwa hapohapo, mgongoni au wamekaa pembeni. Mahali hapa pana kila kitu anachohitaji mtoto anayejifunza kusema, kwa kuwa vitu vinashikika, vinanuka, vinabadilika, na mtu mzima yuko karibu. Neno hukaa zaidi likitajwa wakati mtoto mwenyewe anakitazama kitu. Akiokota dagaa, huo ndio wakati wa kusema: "Dagaa. Huyu amekauka." Akiokota mwingine: "Huyu bado mbichi." Akijaribu mwenyewe na kusema "dagaa bichi", hana haja ya kukemewa, atarudishiwa sentensi nzima, "Ndiyo, dagaa huyu ni mbichi," na sahihisho litakuwa limo ndani ya jibu. Kucheka matamshi yake mbele ya watu humnyamazisha, na mtoto aliyenyamaza hafanyi mazoezi.

Kiswahili kina mzigo wake maalumu kwa mwanafunzi mdogo: upatanisho wa ngeli. Mwanaisimu Kamil Ud Deen, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu watoto wa Nairobi, alieleza jinsi watoto wadogo wanavyodondosha viambishi vya mwanzo vya kitenzi, mtoto akasema "taka" badala ya "nataka". Hiyo ni hatua ya kawaida ya kukua. Viambishi huja kwa kusikika mara nyingi, na hakuna njia nyepesi kuliko kuhesabu vitu vya mwaloni: kijiwe kimoja, vijiwe viwili, mtumbwi mmoja, mitumbwi miwili, kasia moja, makasia mawili. Mdako ni mchezo wa wakubwa kidogo, lakini mdogo anayekaa kando akitazama kijiwe kikirushwa na vingine vikizolewa husikia hesabu hiyo mchana kutwa.

Mchezo wa nyama nyama unafaa kuanzia miaka 4 hivi. Kiongozi hutaja mnyama. Akiwa analiwa watoto huitika, asipoliwa hunyamaza. Ni lazima kusikiliza neno, kulielewa na kuamua papo hapo. Kando ya ziwa hili orodha inaweza kuwa ya samaki, mgebuka, kuhe, sangala, na katikati yao kasia. Jioni hufuata "Kitendawili!" na "Tega!", mtoto akitega kisicho na jibu apewe mji vilevile, maana kinachohitajika ni ajaribu kueleza kitu bila kukitaja.

Akina baba wana nafasi ambayo aghalabu haitumiki. Uvuvi wa dagaa hutegemea taa gizani, na siku za mbalamwezi wengi hawaendi ziwani. Kutengeneza wavu mchana wa siku hizo, huku mtoto akishika uzi na kuulizwa kuhusu kila tundu, ni somo kubwa la lugha.

Swali la lugha mbili huwatia wazazi wengi wasiwasi. Ujiji na Kigoma husikika Kiswahili, Kiha, Kibembe na nyinginezo. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kusema. Anaweza kuchanganya maneno ya Kiha na ya Kiswahili katika sentensi moja, na baadaye huzitenganisha. Bibi azungumze naye kwa lugha anayoimudu vizuri, kwa sababu ndani yake ndimo zilimo hadithi na utani wake. Tofauti na bibi, simu inayocheza katuni hutoa maneno mengi, ila haingoji jibu la mtoto.

Zipo dalili zinazoonyesha kuwa mchezo peke yake hautoshi: mtoto wa mwaka 1 asiyegeuka akiitwa, wa miaka 2 asiyeunganisha maneno, au aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo. Sikio linalotoa usaha litibiwe mapema, maana asiyesikia vizuri hawezi kuiga. Watafiti wa Kilifi, Kenya, wamekuta matatizo ya lugha kwa baadhi ya watoto waliopona malaria ya ubongo, kwa hiyo mtoto aliyeugua hivyo aendelee kufuatiliwa. Hatua ya kwanza ni kituo cha afya kilicho karibu. Mtoto akihitaji msaada zaidi, kitampa rufaa, kwa mfano kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni. Chanjo ya surua na rubela hutolewa katika miezi 9 na 18, na siku hiyohiyo ya kliniki ndiyo ya kumuuliza muuguzi kuhusu masikio na maneno ya mtoto.