Pua ya mbwa yaweza kuokoa mtu: namna ya kuanza kumfundisha



Fikiri kwamba ni saa kumi na moja jioni. Ukungu umeshuka juu ya milima ya Luhwindja, na mvua inakaribia. Mtoto aliyetumwa kuchota maji hajarudi. Majirani wote wanatoka mbio, kila mmoja na upande wake, wakiita na kukanyaga huku na huku. Usiku wa milimani una baridi kali, na mashimo ya zamani hayana kifuniko. Kila saa inayopita inaongeza hatari.

Wakati kama huo, mbwa aliyefundishwa kufuata harufu ya mtu anafanya kazi ambayo macho yetu hayawezi. Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 2011 Hifadhi ya Virunga, Kivu ya Kaskazini, ilianza kikosi cha mbwa wa kunusa wa aina iitwayo bloodhound. Mwaka 2012 mbwa wawili wa kikosi hicho walipelekwa mahali tembo alipouawa, wakafuata harufu ya wawindaji haramu kwa kilomita kadhaa. Nasi hapa tunawajua mbwa wa vijijini wanaokwenda kuwinda na wazee wetu. Pua wanayo. Kinachokosekana ni mafundisho.

Harufu inatoka wapi?

Kila mtu anapotembea, vipande vidogo sana vya ngozi na jasho lake vinaanguka chini. Tena mguu unaponda majani na kufukua udongo, navyo vinatoa harufu. Mtu ana chembe za kunusia zipatazo milioni 5 au 6 puani. Mbwa anazo zaidi ya milioni 100. Harufu hukaa vizuri kwenye majani mabichi na udongo wenye unyevu. Jua kali, upepo mwingi na barabara kavu huiharibu. Kwa hiyo saa njema ya kujifunza ni asubuhi mapema, umande ungalipo.

Vitu vya kutayarisha

Huhitaji mali nyingi. Tafuta mkanda mpana unaopita kifuani mwa mbwa, usiomkaba shingo. Tafuta kamba imara ya mita 5 hadi 10, vijiti vichache vya kuweka alama, na vipande vidogo vya nyama au samaki. Mkanda huo avae saa ya kufuata harufu tu. Baada ya siku chache, akiuona atajua kwamba kazi imefika.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na mbwa ni vivyo hivyo. Ukipata wa miezi 2 au 3 ni vizuri, lakini hata mbwa mzima hujifunza akiwa na moyo wa kula na kucheza.

Hatua kwa hatua

1. Chagua mahali penye majani mafupi ambapo watu hawajapita asubuhi hiyo. Mbwa afungwe mbali kidogo. Simika kijiti, kanyaga vizuri mahali pa kuanzia, kisha tembea moja kwa moja hatua 20, upepo ukikupiga mgongoni. Upepo ukitoka mbele, mbwa atainua kichwa na kunusa hewani badala ya kushusha pua chini.

2. Katika kila wayo weka kipande kidogo cha chakula. Mwishoni weka kitambaa ulichokivaa, na juu yake chakula kingi zaidi. Rudi kwa kuzunguka mbali, usiharibu nyayo zako.

3. Mlete mbwa kwenye kijiti. Mwonyeshe chini, umwambie neno moja tu, kwa mfano "Fuata!" Usilibadilishe neno hilo kila siku. Mwache aende polepole, wewe ukiwa nyuma yake. Usimvute. Akifika kwenye kitambaa, msifu sana na umpe chakula chake.

4. Akizoea, punguza chakula njiani: kila wayo wa pili, halafu wa tano, mpaka kibaki cha mwisho tu. Ongeza urefu hadi hatua 50, kisha 100. Ndipo utie kona moja, na vijiti vikukumbushe njia ilipopinda.

5. Sasa mwombe mtu mwingine akanyage njia na kujificha. Mnusishe mbwa nguo ya mtu huyo kabla ya kuanza. Ngojeni dakika 5 baada ya mtu kupita, siku nyingine 15, baadaye 30, mpaka saa nzima.

Kila somo lisipite dakika 15. Mbwa akipotea njia, simama, mrudishe mahali alipokuwa na hakika, aanze tena. Usimpige. Mbwa aliyepigwa kwenye kazi ya pua huogopa kazi yenyewe. Kosa kubwa la anayeanza ni haraka: leo hatua 20, kesho anataka kilomita. Haba na haba hujaza kibaba.

Mtu akipotea kweli

Zuieni watu wasikanyage mahali alipoonekana mara ya mwisho. Nguo yake au shuka lake litiwe katika mfuko safi, lisishikwe na watu wengi. Wapasheni habari wakubwa wa kazi na shefu wa kijiji mara moja. Mwenye mbwa asiende peke yake.

Mbwa akisimama kwenye mdomo wa shimo, weka alama hapo, ita wenye kazi ya uokoaji. Usiingie, wala usimwingize mbwa. Ndani yaweza kuwa na hewa mbaya, na udongo uliolowa huanguka. Tunakumbuka Kamituga, Septemba 2020, mvua ilipojaza maji mashimo ya dhahabu na watu wengi wakafa. Usimnyweshe mbwa maji ya mabaki ya kuchenjulia dhahabu. Yaweza kuwa na sumu ya sayanidi au zebaki.

Afya ya nyumba kwanza

Mbwa asiyechanjwa ni hatari mlangoni kwako. Mpeleke kwa mganga wa wanyama akiwa na miezi 3 achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, na chanjo irudiwe kama mganga atakavyosema. Mpe pia dawa ya minyoo. Watoto wanawe mikono kwa sabuni baada ya kucheza naye.

Mtu akiumwa na mbwa yeyote, hata mbwa wa nyumbani, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15. Kisha aende kituo cha afya siku ile ile apate chanjo. Asingoje kuona kama ataugua, kwa maana dalili zikishatokea, karibu hakuna anayepona.

Ndugu, mbwa hachukui nafasi ya uangalifu wako. Jina lako liandikwe unapoingia kazini na unapotoka. Mtoto aage anakokwenda. Lakini siku ukungu utakaposhuka na mtu mmoja asionekane, kijiji chenye mbwa mmoja aliyefundishwa kitakuwa na tumaini zaidi. Anza kesho asubuhi, kwa hatua 20.