Ampli ya Lampu: Volti Zikizidi, Usikimbilie Kufungua

Mwezi huu tuongee juu ya chombo kinachokaa kimya pembeni mwa kanisa, kumbe kinaweza kuua mtu: ampli ya gitaa ya zamani, ile ya lampu.

Ampli hizi si ngeni kwetu. Mwaka 1953 Mbelgiji Bill Alexandre alifika Léopoldville na gitaa ya umeme, na mwaka 1956 Franco na wenzake wakaanzisha OK Jazz. Siku zile ampli zilikuwa za lampu. Zingine zingali zinazunguka mpaka leo, hata huku kwenye machimbo, Mongbwalu na Kilo.

Hapa Ngezi, Bunia, baba mmoja alitutolea moja ya Uingereza. Jumamosi moja, kwenye mazoezi ya kwaya, lampu ziliwaka kupita kiasi, harufu ya kuungua ikatoka, fyuzi ikakatika. Mpiga gitaa wetu akachomoa waya, akachukua bisibisi. Nikamshika mkono. Akaniambia: "Pasta, nimekwisha kuchomoa, umeme umeisha."

Kijana, sikiliza vizuri: umeme haujaisha! Ndani ya ampli mna makopo yanayoitwa kondensateri. Kazi yao ni kutunza na kulainisha volti kubwa, mara nyingi 300 mpaka 450. Ukichomoa waya, makopo yale yanaweza kubaki yamejaa kwa muda mrefu. Ukiyagusa, yanakupiga sawa na mashine iliyowashwa.

Basi, kabla ya kufungua, jiulize: volti zinazidi kutoka nje, ama ndani?

Anzia nje. Pima prizi kwa mita. Kwetu umeme ni wa 220. Yetu ilikuwa kwenye grupu, na mita ilisoma 252! Kisha tazama nyuma ya ampli. Ya Marekani inaweza kuandikwa 110 ao 117 tu. Hiyo usiichomeke kwenye 220 bila transfo ya kushusha. Zingine zina kibonyezo cha kuchagua volti. Chetu kilikuwa kwenye 205. Fanya hesabu: gawa 252 kwa 205, unapata karibu 1,23. Maana yake kila volti ndani ilipanda kwa karibu robo. Ile ya 400 ikafika karibu 490, na kondensateri zetu ziliandikwa 450. Ndiyo sababu ya harufu.

Ya ndani ni kazi ya fundi. Wetu alifika Jumatatu. Kwanza alimwaga umeme wa kondensateri kwa rezistansi ya ohm 10.000 na wati 5, iliyofungwa vizuri kwenye waya wenye mpira, akahesabu mpaka kumi. Hakutumia bisibisi, maana cheche yake inaharibu vyombo na kuumiza macho. Akapima mpaka mita ikashuka chini ya volti 10, na wakati wote mkono mmoja ulikuwa mfukoni, kusudi umeme usipate njia ya kupita kifuani.

Kisha akatoa lampu ya kugeuza mkondo, ili volti kubwa isiwepo, akawasha na kupima nyuzi za kupashia lampu joto. Zinatakiwa volti 6,3. Alisoma 7,7. Hapo jibu likaonekana. Nyuzi zile zikipanda kwa kipimo kilekile, kosa linatoka nje: grupu, ao kibonyezo.

Lakini kama 6,3 iko sawa na volti kubwa peke yake imepanda, tafuta ndani. Mara nyingi lampu kubwa hazinywi mkondo wa kutosha: zimechoka, hazikukaa vizuri, rezistansi ya kathodi imekatika, ao volti hasi ya kuzizuia imezidi. Ama mtu alibadilisha lampu ya kugeuza mkondo. Ukiweka GZ34 pahali pa 5Y3, volti zinapanda kwa makumi. Tena, ukipima wakati lampu kubwa zimetolewa, volti zitakuwa juu tu. Hiyo si ugonjwa. Na lampu zikiwa ndani, usiwashe bila kuunganisha bafle, transfo ya kutolea sauti inaweza kuungua.

Fundi alibadilisha kondensateri mbili zilizovimba, akapeleka kibonyezo kwenye 245, akarekebisha mwendo wa grupu. Akaweka fyuzi ya kipimo kilekile. Vijana, ile desturi ya kufunga waya ao karatasi ya sigara pahali pa fyuzi, iacheni! Fyuzi ilikatika kusudi nyumba isiungue.

Jumapili ile kwaya iliimba kwa ngoma na gitaa kavu, na hakuna aliyerudi nyumbani akilalamika. Yule kijana sasa anajifunza kwa fundi, na ndiye anayepima prizi kabla ya kila mazoezi. Ninyi wazee wa kanisa, nunueni mita moja, muiweke karibu na ampli. Na kama hamna fundi anayejua lampu, acheni kifuniko kimefungwa mpaka apatikane.