Boma la Kale: jengo lililodumu kwa kubadilisha kazi

Barabara ya Sokoine inapokutana na Barabara ya Morogoro, katikati ya jiji la Dar es Salaam, kuna jengo jeupe la ghorofa moja linaloitazama bandari. Ndilo Boma la Kale. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alilijenga mwaka 1866 na 1867, jirani na kasri lake, ili wageni wake wapate pa kufikia. Kasri limekwisha kutoweka. Majid alifariki mwaka 1870, na ndugu yake Barghash aliyemrithi hakuuendeleza mji huu mpya, hivyo hao wageni hawakulifaidi kwa muda mrefu.

Mwaka 1887 iliingia kampuni ya Wajerumani, na mwaka 1891 makao makuu ya koloni yakahamishwa kutoka Bagamoyo kuja hapa. Nyumba ya wageni ikawa ofisi. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916 waliikuta ofisi wakaiacha ofisi, na baada ya uhuru wa 1961 watumishi wa umma waliendelea kuitumia. Watu wengi hulieleza Boma kama jumba la sultani. Kwa hesabu ya miaka, mimi naliita jengo la ofisi: kazi hiyo limeifanya kwa zaidi ya karne nzima.

Limewezaje? Jibu limo kwenye ujenzi wenyewe. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, nene kiasi cha kuukawiza joto la mchana lisiingie ndani. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti ndizo zinazoamua ukubwa wa chumba. Mti wa mkoko haubebi sakafu nzito kwa upana unaopita mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vya nyumba za pwani ni virefu na vyembamba. Aliyekuja kulala aliweka kitanda humo, na karani aliyekuja baadaye akaweka meza na kabati la mafaili. Hakuna aliyelazimika kubomoa ukuta mkubwa ili apate nafasi. Jengo lenye ukumbi mmoja mpana lingeteseka zaidi.

Hata hivyo, ofisi huliumiza jengo la namna hii kwa njia ambazo aliyekaa ndani hazioni. Mafaili ni mazito kuliko watu, na hukaa pale pale miaka na miaka mpaka boriti zinapinda. Mabomba ya choo hupitishwa mahali ambapo hapakuwahi kuwa na maji. Viyoyozi hudondosha maji ukutani mchana kutwa. Lakini adui mkubwa ni saruji. Matumbawe yametoka baharini, yana chumvi, nayo hufyonza unyevu wa ardhini. Lipu ya chokaa huuachia unyevu huo utoke nje. Lipu ya saruji huufungia ndani, chumvi ikaganda nyuma yake na kuisukuma mpaka ibanduke na vipande vya jiwe. Fundi asiyejua huona lipu imebanduka, akaongeza saruji. Ukitaka kujua hali ya ukuta wa namna hii, ugonge kwa kifundo cha kidole kuanzia usawa wa goti kwenda juu. Penye sauti nzito lipu imeshika. Panapolia kama mtungi mtupu, imekwisha kuachana na jiwe, na siku yoyote itaanguka.

Ndiyo maana ukarabati uliokamilika mwaka 2017 una thamani kubwa kuliko rangi nyeupe inayoonekana barabarani. Chama cha Wasanifu Majengo Tanzania, mamlaka za jiji, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin na Goethe-Institut walishirikiana, kwa msaada wa fedha za Umoja wa Ulaya, kulifanya Boma kuwa kituo cha urithi wa usanifu majengo, maarufu kwa kifupi cha DARCH. Humo mna maonyesho ya historia ya ujenzi wa jiji. Wapo wanaosikitika kwamba ofisi imekufa. Sikubaliani nao: jengo limepata kazi ya tatu, tena inayolingana na uzito wa kuta zake.

Upande wa sheria unanipa wasiwasi zaidi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ilitaja mwaka 1863 kuwa mpaka: kilichojengwa kabla ya hapo kilipata ulinzi moja kwa moja, na kilichojengwa baadaye kilisubiri tamko la waziri. Boma lilipitwa kwa miaka mitatu tu. Sheria hiyo hiyo ililinda milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940. Kwa hiyo nyumba ya miaka ya 1870 ingeweza kuwa na mlango unaolindwa na kuta zisizolindwa! Majengo ya enzi ya Wajerumani na maghorofa ya wafanyabiashara wa Kihindi yote yaliangukia upande wa kusubiri, na kusubiri katikati ya jiji ambako kiwanja kina bei kubwa ni hatari. Salamander, Mtaa wa Samora, ni mfano: jengo la zamani lilibomolewa, na jina limebaki kwenye mnara mpya.

Suala la kuyalinda majengo ya namna hii limerudi kwa nguvu tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016. Ofisi nyingi za serikali za Kivukoni, Dar es Salaam, zimepoteza watumishi waliokuwa wakifungua madirisha asubuhi na kuona panapovuja. Jengo la chokaa lisilo na mtu huharibika upesi: mfereji wa paa huzibwa na majani, maji hupenya, boriti huoza kwenye ncha zilizozama ukutani, mahali ambapo jicho halifiki.

Nawaomba wenye dhamana ya majengo hayo wasisubiri bajeti kubwa ya ukarabati. Wazibue mifereji sasa hivi, wakataze saruji, wamwite fundi wa chokaa akague kila ukuta, kisha waruhusu matumizi yanayolipa kodi: maktaba, studio, hosteli, hata ofisi za watu binafsi. Kibali cha kubomoa kije baada ya hayo yote kujaribiwa.