Michezo ya Ziwani na Ugonjwa wa Kichocho

Hapa Mwisenge, katika Musoma, mchezo wa mpira hauishii uwanjani. Vijana wakiisha kucheza hushuka mwaloni na jasho lao, wakajitupa ziwani, na huko huanza mchezo wa pili: kuogelea, kupiga mbizi, na kushindania kufika kwanza penye mtumbwi. Wenzetu wa Bunda walio kando ya Ghuba ya Speke hufanya vivyo hivyo. Hatuandiki ili kuwakataza, maana mtoto wa ziwani asiyejua kuogelea yumo hatarini zaidi. Lakini yafaa kujua kilichomo majini.

Watu wengi hudhani ya kuwa kichocho huletwa na kunywa maji machafu. Sivyo. Kichocho cha tumbo, ndicho kilichoenea kandokando ya Ziwa Viktoria, huingia kwa ngozi. Mgonjwa akijisaidia ufukoni, mvua huchukua mayai ya minyoo hata ziwani. Huko huanguliwa, na vijidudu vyake humwingia konokono mdogo akaaye penye majani na maji yaliyotulia. Baada ya majuma machache hutoka humo kwa wingi kumtafuta binadamu. Hupenya ngozi kwa dakika chache, kisha hukua kuwa minyoo ikaayo katika mishipa ya damu ya matumbo. Mtu asipotibiwa, miaka ikipita ini lake huharibika, hata pengine akatapika damu.

Vijidudu hivyo hutoka kwa konokono mchana, hasa jua likikaribia utosini, ndiyo saa watoto waipendayo kuoga siku za likizo. Wako wasemao ya kuwa kujifuta upesi kwa kitambaa kwatosha. Hiyo si kinga ya kutegemea. Afadhali mwalimu aweke pipa la maji yaliyotekwa siku mbili kabla, yasiyo na konokono, wachezaji wake waoge hayo, kwa kuwa vijidudu visipompata mtu hufa upesi. Na wazee wanaosimamia mialo wakijenga vyoo, wameusaidia mchezo kuliko kununua mipira kumi.

Dawa ipo, nayo ni prazikwanteli. Shuleni mtoto husimamishwa penye kijiti cha kupimia kimo, na urefu wake huonyesha idadi ya vidonge. Vidonge hivyo huua minyoo iliyokwisha kukua mwilini. Akirudi kesho penye majani yale yale, aweza kuambukizwa tena.