Yangeyange na Kofia za Akina Mama

Sote tumemwona yangeyange, yule ndege mweupe anayetembea karibu na kwato za ng'ombe. Twadhani anafuata kupe. Kupe huwala kidogo tu. Chakula chake hasa ni panzi wanaorushwa na miguu ya mifugo. Waingereza humwita "cattle egret": la kwanza ni ng'ombe, na la pili limetoka kwa Wafaransa, "aigrette", neno ambalo pia ni shada la manyoya ya kujipamba kichwani.

Hapo ndipo linapotugusa sisi wanawake. Mwishoni mwa karne ya 19, mabibi wa Ulaya na Marekani walipamba kofia zao kwa manyoya ya jamaa zake yangeyange. (Nasi tunaoijua kofia ya Jumapili tusiwacheke.) Manyoya hayo huota majira ya kutaga na kulea. Basi wazazi waliuawa penye viota, makinda wakafa njaa.

Mwaka 1889, karibu na Manchester, Uingereza, Bi. Emily Williamson alianzisha chama cha wanawake walioahidi kutoyavaa. Kura ya Bunge hawakuwa nayo. Sheria ya kuzuia manyoya hayo yasiingizwe nchini mwao ilipitishwa mwaka 1921, baada ya miaka 32.