Bushi za Nyuma na Neno Lililotangulia Ushahidi

Mashauri yanayofikishwa mbele ya kamati ya msikiti wetu hapa Tanga, kwa kawaida, ni ya mirathi, ya talaka na ya mipaka ya viwanja. Shauri nililopokea Ijumaa moja baada ya swala lilikuwa la vipande viwili vya mpira na chuma, kila kimoja kikitosha kiganjani. Kijana wa jirani aliviweka juu ya jamvi mbele yangu, mpira umechanika, akasema: "Ustadhi, mzee wa spea kanighushi. Havijatimiza hata miezi mitatu."

Vilikuwa bushi za nyuma za gari lake, Toyota Altezza. Kwa msomaji asiyelifahamu, hilo ni gari dogo la mbio lenye milango minne, lililotoka Japani mwaka 1998 na kutunukiwa huko heshima ya Gari la Mwaka 1998–1999. Nchi nyingine liliuzwa kwa jina la Lexus IS. Utengenezaji wake ulikoma mwaka 2005, kwa hiyo hata lililo dogo kwa umri limekwisha kuwa mtu mzima. Vijana wa Tanga wanalipenda kwa sababu husukumwa na magurudumu ya nyuma na hushika barabara vizuri kwenye kona. Huyu wetu halitumii kwa mbio. Humpeleka mama yake kliniki Bombo, na jioni huwachukua wadogo zake madrasa.

Kushika barabara huko hakuji bure. Kila gurudumu la nyuma limeshikwa na mikono kadhaa ya chuma, ambayo mafundi huiita amu, na kwenye ncha za amu hizo ndiko zinakokaa bushi. Bushi ni mrija wa chuma uliomo ndani ya mrija mwingine, na katikati yake pana mpira ulioshikamana na chuma zote mbili. Bolti hupita katika mrija wa ndani. Nati ikikazwa barabara, mrija huo hubanwa kwenye bati la chesisi usiweze kuzunguka hata kidogo. Gurudumu likipanda na kushuka, kinachojipinda na kujirudi ni ule mpira peke yake. Naomba msomaji alishike jambo hili, kwani shauri zima lilikuwa limelala hapo.

Mpira huo ukichoka, gari hugonga kwa nyuma likipita kwenye mashimo, tairi huliwa upande mmoja, na mkia huyumba dereva akishika breki. Na mpira huchoka: kwa umri, kwa joto, kwa mafuta yanayovuja, na kwa barabara za changarawe kama ile ya Pangani tuliyoizoea kwa miaka mingi, ambayo mawimbi yake yaliyatikisa magari hadi meno ya abiria yakagongana.

Kijana hakuwa na fedha za gereji. Alinunua bushi mpya, akaazima zana, akazibadilisha mwenyewe uani kwao. Kazi ilimchukua siku mbili na gari likatulia. Lilipoanza kugonga upya, hakujiuliza swali lolote juu ya mikono yake. Alikwenda moja kwa moja kwenye baraza ya kahawa akasema mbele ya watu kwamba mzee fulani anauza vitu feki. Ndipo akaja kwangu.

Nakiri kwamba nilimwamini. Sote tumewahi kuuziwa kitu kibovu ndani ya boksi zuri, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Usiku ule niliandika rasimu ya barua ya kumwita muuzaji mbele ya kamati, na maneno yake hayakuwa ya kuuliza. Yalikuwa ya kuhukumu. Namshukuru imamu wetu, aliyeisoma, akaikunja na kunirudishia huku akiniuliza kwa upole nilisoma nini chuoni katika mlango wa biashara.

Nilisoma, na niliisahau elimu yangu siku niliyoihitaji. Mnunuzi ana hiari ya kurudisha bidhaa kwa aibu iliyokuwamo kabla hajaipokea. Aibu iliyozaliwa mikononi mwake mwenyewe haimpi hiari hiyo. Wakihitilafiana juu ya umri wa aibu, mmoja akisema ni ya zamani na mwingine akisema ni mpya, basi katika madhehebu ya Imamu Shafii tunayoyafuata pwani hii, neno la muuzaji ndilo linalokubaliwa, pamoja na kiapo chake. Mwenye kudai ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi. Kijana wetu hakuwa na ushahidi ila mpira uliochanika, na mimi sikuwa na elimu ya kuusoma.

Muuzaji tulimwendea mimi na imamu, bila barua. Ni mzee wa makamo ya baba yangu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Wanangu, nilimwambia kabla hajatoa fedha kuwa hizi si za Toyota, ni za kampuni nyingine, na ndiyo maana bei yake iko chini. Kama mnataka niape, naapa sasa hivi." Kijana alipoulizwa, alikubali kwamba aliambiwa hivyo. Kuuza kitu cha bei nafuu kwa jina lake halisi si ghushi. Ghushi ni kuficha. Imamu alimwomba mzee asubiri kuapa. Kiapo ni kitu kizito, na bado palikuwa na jambo la kuchunguzwa.

Katika safu yetu ya mbele huswali mzee mmoja aliyekuwa fundi kwa miaka mingi, sasa macho yamepungua nguvu lakini vidole bado vinaona. Alivishika vile vipande viwili, akavizungusha, akasema kwamba vimechanika kwa kupindwa, kama nguo inayokamuliwa. Akauliza swali moja tu: "Nati za mwisho ulizikaza gari likiwa wapi?" Kijana akajibu kwamba lilikuwa juu, magurudumu yananing'inia. Mzee akanyamaza kidogo. "Za kushoto bado zimo? Basi tusizitoe kwanza."

Jumamosi asubuhi tulikutana uani, na muuzaji naye akaja. Gari lilikuwa limekanyaga mbao pana zilizopangwa chini ya magurudumu ya nyuma, yale ya mbele yamewekewa vigingi, ili spana ipate nafasi gari likiwa limebeba uzito wake lenyewe. Mzee alichora mstari mmoja wa chaki kutoka ukingo wa mrija wa ndani wa bushi ya kushoto hadi kwenye bati la chesisi. Kisha akamwambia kijana alegeze nati taratibu. Ilipolegea tu, ulisikika mlio mkavu kama wa kijiti kinachovunjika. Mstari wa chaki ulikuwa umekatika, vipande vyake viwili vimeachana kwa milimita tatu hivi.

Maana yake ilikuwa wazi hata kwangu. Gari likiwa juu, amu hushuka. Ukiikaza nati katika hali hiyo, unaufunga mpira uamini kwamba hapo chini ndipo makazi yake. Ukiliteremsha gari, mpira unapindwa, na unabaki umepindwa usiku na mchana, hata gari likiwa limeegeshwa. Kila shimo la barabarani huongeza kamba juu ya kamba. Mzee alisema hata bushi iliyotoka kiwandani kwa Toyota isingedumu kwa kufungwa namna ile. Hakudai kwamba hizi zilikuwa bora; alisema tu kwamba dai halikuthibiti.

Rasimu ya barua yangu ilikuwa bado imo mfukoni mwa kanzu.

Kazi ya kuzifunga mpya ilitumia siku iliyobaki. Nitaieleza kwa wale watakaotaka kujaribu, nikianza na jambo lililonitisha. Mara ya kwanza kijana alikuwa ameliegemeza gari juu ya matofali ya saruji. Tofali la saruji likielemewa halitoi onyo; hupasuka ghafla. Mzee alikataa kabisa kuingia chini hadi zilipoletwa stendi mbili za chuma, kwani jeki ni ya kuinulia na haifai kuachiwa roho ya mtu. Sheria imetukataza kujidhuru kama ilivyotukataza kuwadhuru wengine, na mama wa kijana alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza.

Bolti za magari ya huku kwetu, kwa chumvi ya bahari, huota kutu hadi zikashikana na mrija wa ndani. Zilikuwa zimelowekwa mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake. Kabla ya kulegeza bolti za kurekebishia pembe ya gurudumu, mzee aliziwekea alama ili zirudi mahali pake. Bushi za zamani zilivutwa nje kwa bolti ndefu, kipande cha bomba na sahani za chuma, bila nyundo kugusa mpira. Mpya zilitazamwa upande wake, maana baadhi zina nafasi wazi ndani ya mpira na zina mwelekeo maalumu. Zikaingizwa kwa maji ya sabuni. Kijana alikuwa na grisi tayari mkononi. Mzee akamwambia mafuta huvimbisha mpira wa namna hiyo na kuuoza. Nati zote zikashikizwa kidogo tu, gari likateremshwa juu ya zile mbao, likatikiswa mara kadhaa mpaka likakaa, ndipo zikakazwa kwa spana ya kipimo kufuata kitabu cha gari. Jumatatu lilipelekwa kupimwa alaimenti.

Bushi hizo mpya kijana alizinunua kwa mzee yuleyule. Alipotaka kupunguziwa bei, nilimkata jicho, akalipa kamili. Lakini fedha haikuwa deni kubwa. Neno lilikuwa limekwisha kutoka kwenye baraza, na aliyelisikia hapo amelifikisha nyumbani, na nyumbani limefika sokoni. Imamu alimwambia kwamba mahali liliposemwa ndipo linapofutwa, mbele ya watu walewale na kwa sauti ileile. Jioni ya Jumapili nilikwenda naye. Alisimama, akataja jina la mzee, akasema kosa lilikuwa lake yeye. Wengine walicheka, mmoja akauliza kama bushi ni kitu cha kusimamia barazani. Tulikunywa kahawa, tukaondoka. Mimi kwa upande wangu nilimwomba radhi muuzaji kwa barua ambayo hakuwahi kuisoma.

Alicheka, akasema anataka jambo moja, kwamba kijana mwenye mwandiko mzuri amwandikie karatasi ya kubandika dukani. Ipo hadi leo, juu ya kaunta, kwa herufi kubwa za kalamu nyekundu: "Mnunuzi wa bushi, nati ya mwisho ikazwe gari likiwa chini."