Gari ya koperative: mupime batri kabla ya kununua kisanduku



Koperative nyingi zina gari moja tu, na nyingine hazina kabisa. Gari hiyo moja ikisimama wakati wa mavuno, mpunga unabaki shambani, karanga zinabaki kwenye depo, na munuzi anaenda kwa wengine. Safari hii tunaongea juu ya ugonjwa wa gari unaokula feza ya wanamemba sababu wengi hawaujui: kuharibika kwa kisanduku kinachoongoza umeme wa bodi.

Kisanduku hiki kinafanya nini?

Kwenye gari za zamani, kila kitu kina waya wake. Unabonyeza swichi, umeme unapita, taa inawaka. Land Cruiser za zamani za aina ya 70, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984, ziko hivyo kwa sehemu kubwa, na ndiyo maana fundi wa kijijini anazimudu. Kwenye gari za karibuni, swichi inatuma tu ujumbe. Kisanduku ndicho kinatoa amri. Kinaongoza taa, vipangusa kioo, klaksoni, madirisha, kufuli za milango, na kwenye gari nyingi kinatambua ufunguo pia. Injini ina kisanduku chake kingine, na visanduku hivi vinaongea vyenyewe kwa vyenyewe kupitia waya nyembamba.

Kikianza kuugua, dalili zake zinashangaza watu. Klaksoni inalia peke yake. Taa hazizimiki. Vipangusa vinasimama katikati ya mvua. Batri inalala na nguvu, asubuhi imekufa. Ao ufunguo haukubaliwi na gari haiwaki kabisa. Wengine wanasema gari imelogwa. Hapana, mara nyingi ni maji, batri ao waya.

Kwa nini inatokea huku kwetu?

Sababu ya kwanza ni maji. Kisanduku mara nyingi kinakaa chini ya dashibodi, karibu na miguu ya shofere ao ya abiria. Gari ikivuka kijito chenye maji mengi, ao ikioshwa ndani kwa ndoo, maji yanafika kwenye viunganishi vya waya na kutu inaanza. Sababu ya pili ni panya. Punje za mpunga zikibaki kwenye gari, panya wanakuja kula, na wakimaliza wanatafuna waya. Ya tatu ni kuwasha gari ya volti 12 kwa msaada wa lori ya volti 24. Ya ine ni kuchomelea chuma kwenye gari bila kutoa batri kwanza. Hizi zote tunaweza kuziepuka bila kulipa hata franga moja.

Mambo matatu ya kupima kwanza

Fundi akisema "kisanduku kimekufa", musikimbilie kununua. Mumuombe apime haya mbele ya mutu wa kamati.

Moja, batri. Gari ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa, batri nzima inaonyesha karibu volti 12.6. Ikionyesha 12.2, imebaki nusu. Injini ikiwaka, kipimo kiwe kati ya 13.8 na 14.5. Batri ikiwa chini sana, kisanduku kizima kinaweza kufanya kama kichaa, na kumbe kinachohitajika ni batri ao kurekebisha alternata.

Mbili, waya za kurudisha umeme, zile zinazofungwa kwenye chuma cha bodi. Zifunguliwe, zisuguliwe mpaka chuma king'ae, zifungwe tena kwa nguvu.

Tatu, fyuzi na viunganishi vya kisanduku. Fyuzi ipimwe, isiangaliwe kwa macho tu. Viunganishi vikiwa na maji ao kutu ya kijani, vikaushwe na kusafishwa kwanza. Gari inaweza kupona hapo.

Kama ugonjwa unabaki, ndipo inatafutwa mashine ya kusoma makosa, inayochomekwa chini ya usukani. Iwe mashine inayosoma visanduku vyote. Zile ndogo za bei rahisi nyingi zinasoma injini tu, na zitasema gari haina shida.

Kama ni lazima kubadilisha

Kisanduku kipya si kama taili, kwamba unatoa ya zamani na kufunga mpya. Ni lazima kifundishwe gari hii ni ipi, ina vifaa gani, na funguo zake ni zipi. Bila kazi hiyo ya programu, mumenunua plastiki. Kisanduku kilichotoka kwenye gari nyingine kina bei ndogo, lakini kimebeba habari za gari ile, na vingine haviwezi kuandikwa upya. Mumuulize fundi kabla ya kulipa.

Namba iliyo kwenye kisanduku cha zamani iandikwe yote, pamoja na herufi za mwisho. Namba ya shasi iandikwe pia. Gari zilizotengenezwa kwa soko la Japani hazina namba ya tarakimu na herufi 17 kama nyingine, yao ni fupi. Musishangae muuzaji akiuliza. Kama kisanduku cha zamani bado kinaongea, fundi asome habari zake na azitunze kabla ya kukitoa.

Batri itolewe upande wa hasi, wasubiri dakika kadhaa, wapige picha ya viunganishi, kisha wafungue. Funguo zote za gari ziwepo, hata ule wa akiba uliobaki kwa prezida. Wakati wa programu, umeme usishuke hata kidogo, sababu ukikatika katikati, kisanduku kipya kinaweza kufa hapo hapo. Iwe chaja yenye jenereta isiyoyumba. Programu nyingine zinahitaji intaneti. Mujue mapema kama mtandao wa pale mulipo utatosha, ao kama gari itavutwa mpaka Bukavu, Uvira ao Kalemie.

Mahesabu ya kamati

Mpunga uliovunwa sasa hivi unaweza kuwa na maji 20 mpaka 25 kwa 100. Ili kuuweka vizuri, ushuke mpaka karibu 14. Ukirundikwa mubichi kwa kungojea gari, unapata joto, unaota ukungu, na bei inaanguka. Kwa hiyo, kungojea nako kuna bei yake.

Tuchukue mfano. Muna magunia 60, na pikipiki moja inabeba 2. Ni safari 30. Muandike bei ya safari hizo upande mumoja wa karatasi. Upande mwingine muandike kisanduku, kazi ya programu, na safari ya fundi ao ya gari. Kama pikipiki ni nafuu kwa mavuno haya, anikeni mpunga, muusafirishe hivyo, na gari itengenezwe kiangazi, Juni mpaka Agosti, wakati hamuna haraka na fundi hawezi kuwabana kwa bei. Lakini gari isiyo na taa za breki ao vipangusa isibebe watu juu ya magunia, hata kwa safari fupi.

Mukikubaliana na fundi, iandikwe: nusu ya malipo mwanzoni, nusu baada ya majaribio. Majaribio ni taa zote, klaksoni, vipangusa, milango na kila ufunguo. Kisha gari ilale usiku mumoja, na asubuhi batri ipimwe tena. Kisanduku cha zamani kirudi kwenye ofisi ya koperative. Ni mali ya wanamemba. Na namba zake ziandikwe kwenye daftari ya gari, ili kamati itakayokuja isianze tena kutafuta.